Zimwi Darasani: Tuwafundishe Vijana Kuuliza Wameogopeshwaje



Mzazi mmoja, mfanyakazi mwenzetu wa kiwandani, alinijia jioni moja akiwa na hasira iliyochanganyika na mashaka. Kijana wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa amerudi nyumbani na habari kwamba mwalimu wao wa fasihi amewaonyesha darasani kipande cha sinema ya kutisha. "Ndugu yangu," akaniambia, "mimi najinyima ninunue madaftari na sare ili mtoto akasome, kumbe huko shuleni anakwenda kutazama mazimwi?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba amwite kijana mwenyewe, naye alipokwisha kutuamkia nikamwuliza mwalimu aliwataka wafanye nini baada ya kutazama. Akajibu kwa utulivu: "Alituuliza, mzee, tuliogopa wakati gani hasa. Kisha akatutaka tuandike yote tuliyokuwa tumeonyeshwa na tuliyokuwa tumeyasikia kabla ya wakati huo."

Baba yake alinyamaza, nami nikaona kwamba jawabu lile fupi lina somo zima ndani yake. Leo, kwa ruhusa yako, napenda tulizungumze somo hilo, kwa sababu linawahusu wazazi kama linavyowahusu walimu.

UGONJWA WA KUSIMULIA

Yeyote aliyewahi kusahihisha mitihani ya fasihi anaufahamu ugonjwa mmoja unaowaangusha vijana wetu wengi. Mtahiniwa huulizwa aeleze jinsi mwandishi alivyotumia mandhari kujenga taharuki, naye hujaza kurasa tatu akisimulia hadithi tangu mwanzo hadi mwisho: fulani akaenda, akamkuta fulani, wakagombana, akafa. Hakusema uongo hata kidogo. Amesoma kitabu, amekikumbuka, pengine amekipenda. Lakini swali hakulijibu, na alama hapati.

Kijana huyo si mvivu wala si mjinga. Tatizo ni kwamba hajawahi kuonyeshwa tofauti iliyopo baina ya jambo lililotokea katika hadithi na namna msimulizi alivyolipanga jambo hilo limfikie msomaji. Kwake yeye hadithi ni kama maji ya bomba: yanatoka tu, wala hafikirii kwamba kuna mtu aliyetandaza mabomba na kuweka koki. Tunapomwambia achambue "fani na maudhui", maudhui huyaona kwa sababu ndiyo yanayozungumzwa, bali fani haioni, maana fani iliyo njema hujificha.

Hapo ndipo sinema ya kutisha inapoweza kumsaidia mwalimu. Huzuni au tafakuri yaweza kumpita kijana asijue kama imemgusa. Hofu haimpiti. Moyo wake umedunda, mikono imelowa jasho, amefumba macho. Hawezi kukana kwamba jambo fulani limetendeka ndani yake. Mwalimu sasa anayo athari iliyo wazi, na kazi iliyobaki ni kurudi nyuma hatua kwa hatua kuitafuta sababu. Nani alikuogopesha? Kwa kutumia nini? Alianza lini kukuandaa bila ya wewe kujua? Kijana akishaweza kuyajibu maswali hayo kuhusu picha ya dakika tano, tayari ameanza kuchambua.

PICHA YA MWAKA 1931

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao, kwani mifano mingi huchanganya. Mwaka 1931 kampuni ya Universal ya Marekani ilitoa sinema iitwayo Frankenstein, iliyoongozwa na James Whale. Inatokana na riwaya ya Mwingereza Mary Shelley, aliyeanza kuitunga mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka kumi na minane tu, nayo ikachapishwa mwaka 1818. Habari yake kwa ufupi ni ya mtu msomi anayetaka kuumba mtu kwa kuunganisha viungo vya maiti. Anafaulu, kisha kazi ya mikono yake inamshinda.

Picha hii ni fupi, yapata dakika sabini, na ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Kijana wa leo, aliyezoea picha zenye damu na makelele katika simu yake, yumkini atacheka mwanzoni. Na acheke. Mwalimu hodari atamwuliza kwanza amechekea nini, kwa maana kicheko nacho ni athari yenye sababu zake.

Hofu katika picha hii inaanza kujengwa hata kabla ya hadithi. Majina ya wachezaji yanapoonyeshwa mwanzoni, mbele ya jina la zimwi hapana jina la mtu: pamewekwa alama ya kuuliza. Mchezaji huyo alikuwa Boris Karloff, na jina lake linaonekana mwishoni tu. Kabla ya hapo bwana mmoja amejitokeza mbele ya pazia na kuwaonya watazamaji kwamba wanayokwenda kuyaona yaweza kuwashtua. Hakuna kilichotendeka bado, ila mtazamaji tayari amekaa upande.

Kisha inakuja ile sehemu ambayo ingefaa ionyeshwe darasani mara tatu mfululizo: zimwi kuingia chumbani kwa mara ya kwanza. Zinasikika hatua nzito. Mlango unafunguka, na kiumbe huyo anaingia kinyumenyume, akitupa mgongo. Anageuka polepole. Kamera inamwonyesha kwa mbali kidogo, mara karibu zaidi, mara karibu kabisa mpaka uso wake unajaza kioo. Na katika muda wote huo haisikiki hata sauti moja ya muziki, kwani picha hii haina muziki wa kusindikiza isipokuwa mwanzoni na mwishoni.

Hebu mwulize kijana: kwa nini aingie kinyumenyume? Kama angeingia kwa uso, tungemwona mara moja na shauku ingekwisha. Mgongo wake unatulazimisha kungoja. Haya, na kwa nini uso wake usionyeshwe kwa picha moja ndefu, bali kwa vipande vitatu vinavyosogea? Mmoja atasema ni kama mtu anayesukumwa mbele wakati anataka kurudi nyuma. Jawabu hilo ni zuri, na hakulipata katika kitabu chochote cha mwongozo. Amelitoa katika macho yake mwenyewe. Mwalimu ataandika ubaoni neno "taharuki", na kuanzia hapo neno hilo halitakuwa tena msamiati wa kukaririwa, kwa sababu kijana anakumbuka lilivyomkaba koo.

Mara baada ya hapo, yule msomi anafungua dirisha la darini na mwanga unamwangukia kiumbe huyo. Anainua uso na mikono yake mikubwa kuuelekea, kama mtoto mchanga anayetaka kubebwa. Dirisha linafungwa, naye anabaki amenyosha mikono akiomba kitu asichoweza kukisema. Halafu anaingia mtumishi na mwenge wa moto mkononi, na kiumbe huyo anashtuka kwa woga. Anafungwa minyororo, anapigwa, anatishwa kwa moto. Angalia mpangilio huo, ndugu msomaji: tumeonyeshwa akiomba mwanga na akiteswa kabla hatujamwona akimwua mtu yeyote. Mpangilio wa matukio nao ni kauli ya mwandishi, ijapokuwa hakuna aliyefumbua kinywa.

MAUA MAJINI

Ipo sehemu nyingine ambayo historia yake yenyewe inafundisha. Kiumbe huyo ametoroka, akafika kando ya ziwa na kumkuta msichana mdogo aitwaye Maria akicheza peke yake. Mtoto huyo hamwogopi. Anamshika mkono, anampa maua, na wote wawili wanayatupa majini kutazama yakielea. Kiumbe anacheka, ndiyo furaha yake ya pekee katika picha nzima. Maua yanapomwisha mkononi, anamtazama yule mtoto. Kwa akili yake changa, kilicho kizuri huelea. Anamwinua na kumtupa majini. Mtoto anazama, naye anaondoka akihangaika, mikono ikimtetemeka.

Katika miaka ile wakaguzi wa sinema sehemu mbalimbali waliona kwamba tendo hilo ni la kuchukiza mno, na sehemu hiyo ikakatwa. Kwa miaka mingi watazamaji waliona tu kiumbe akinyosha mikono kumwelekea mtoto, halafu baadaye wakamwona baba akimbeba bintiye aliyekufa katikati ya mji uliokuwa ukisherehekea arusi. Kipande kilichokatwa kilirudishwa katika miaka ya 1980.

Sasa mwalimu awaonyeshe wanafunzi sehemu hiyo kwa namna zote mbili, kwanza iliyokatwa, kisha iliyo kamili, na awaulize swali moja tu: katika kila namna, zimwi hili ni nani? Katika ile iliyokatwa, mtazamaji anajijazia mwenyewe pengo lililoachwa, naye hulijaza kwa maovu makubwa kuliko yaliyotendeka. Katika ile kamili, anaona kifo cha kuhuzunisha kilichotokana na ujinga wa kiumbe asiyefundishwa lolote na yule aliyemwumba. Wakaguzi walitaka kupunguza ubaya, kumbe wameuongeza. Kijana aliyeliona hilo kwa macho yake ameelewa jambo ambalo wengi hawalielewi hadi uzee: kile ambacho msimulizi anakiacha kina nguvu sawa na kile anachokisema, na pengine kukizidi.

KITABU NA PICHA

Hata hivyo, ndugu msomaji, mwalimu akiishia katika picha atakuwa amefanya nusu ya kazi. Picha ni ngazi ya kupandia kitabuni, na baina ya kitabu cha Mary Shelley na picha ya mwaka 1931 kuna tofauti ambazo ni hazina kwa mchambuzi.

Katika picha, mtumishi anatumwa kuiba ubongo. Anaangusha chupa yenye ubongo mzima, naye kwa kuogopa kurudi mikono mitupu anachukua ule wa mhalifu. Basi ubaya wa zimwi unaelezwa kwa chanzo hicho: alizaliwa nao kichwani. Katika kitabu hakuna ubongo wa mhalifu. Msomi yule anamwumba kiumbe wake, anamwona anafumbua macho, anachukizwa na sura yake, na usiku uleule anamkimbia. Kiumbe anabaki peke yake duniani bila jina. Ndiyo maana watu wengi hukosea wakamwita zimwi Frankenstein, hali Frankenstein ni jina la yule aliyemwumba na kumtupa.

Tena katika picha kiumbe huyo hasemi neno, hunguruma tu. Katika kitabu anasema, na anasema vizuri kuliko wengi. Amejifunza lugha kwa kujificha jirani na kaya moja maskini na kuwasikiliza wakizungumza. Siku anapojipa moyo kuingia ndani, anamkuta mzee kipofu peke yake, na mzee huyo anamkaribisha kwa upole kwa sababu anayasikia maneno yake tu. Wanarudi wenye macho: mmoja anazirai, mwingine anakimbia, wa tatu anampiga fimbo. Baadaye, akiwa msituni, anamwona msichana akiteleza na kutumbukia mtoni. Anajitosa kumwokoa. Mtu aliyekuja kumchukua msichana huyo anamlipa kwa risasi ya bunduki.

Mwanafunzi aweke matukio hayo mawili pamoja. Katika picha, zimwi linamzamisha mtoto. Katika kitabu, linamwokoa msichana asizame, nalo linapigwa risasi. Yote mawili ni maji, ni msichana, ni zimwi. Kwa nini watengenezaji wa picha wafuate njia yao, na mwandishi afuate yake? Kitabu hakimtakasi kiumbe huyo. Hatimaye anaua, na anaua wasio na hatia. Lakini kinatulazimisha kumsikiliza akieleza kwa kinywa chake namna alivyofika hapo. Swali kubwa la riwaya nzima, je, mtu huzaliwa mwovu au hufanywa mwovu, limejificha katika uamuzi mdogo wa fani: ni nani apewe nafasi ya kusema?

Hilo ndilo tunaloliita katika masomo yetu nafsi ya msimulizi. Wanafunzi wengi hulikariri bila kulionja.

KILA PICHA NA SOMO LAKE

Mwalimu mwenye wakati anaweza kuongeza mifano michache, kila mmoja kwa jambo moja. Kuhusu msimulizi asiyeaminika, ipo sinema ya Kijerumani ya mwaka 1920, The Cabinet of Dr. Caligari, iliyoongozwa na Robert Wiene: nyumba zimechorwa zikiwa zimepinda, madirisha yamekwenda upande, na mwishoni tunagundua kwamba aliyetusimulia habari yote ni mgonjwa katika hospitali ya wenye maradhi ya akili. Hapo mwanafunzi anarudi nyuma na kuuliza kama kule kupinda kwa nyumba kulikuwa kwa mji au kwa akili ya msimulizi. Kuhusu ishara, ipo Nosferatu ya F. W. Murnau ya mwaka 1922, ambamo anayepanda ngazi kumwendea bibi wa nyumba tunamwona kwa kivuli chake tu, kucha zake zikirefuka ukutani.

Kuhusu sauti, ipo Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Mtungaji wake wa muziki, Bernard Herrmann, alitumia vinanda vya nyuzi peke yake. Mwongozaji alikuwa amekusudia tukio mashuhuri la mauaji lipite bila muziki, ila Herrmann alitunga na kumshawishi. Picha hiyo, kwa maoni yangu, ni ya vijana wakubwa tu wa vidato vya juu, na hata wao waonyeshwe vipande vilivyochaguliwa, kwanza kwa sauti, kisha bila sauti, ili wajue ni kiasi gani cha hofu yao kiliingilia masikioni.

NYUMBANI HATUKUKOSA

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini tuwaendee Wazungu kutafuta mazimwi ilhali tunayo ya kwetu. Swali ni la haki. Nani kati yetu hakuketi jioni miguuni pa bibi akisikiliza habari za zimwi lililomtia msichana ndani ya ngoma na kumtembeza vijijini, ngoma ikiimba kwa sauti ya mtoto? Bibi hakuhitaji kamera. Alijua wapi pa kushusha sauti, wapi pa kunyamaza, na wapi pa kutuitikisha wimbo ili tuwe pamoja na yule mtoto gizani. Mwalimu ambaye shule yake haina televisheni wala umeme wa kutegemewa aanze na hadithi hiyo, na maswali ni yaleyale: uliogopa wapi, na bibi alifanya nini kabla ya hapo?

Na katika maandishi yetu, mwanafunzi aliyezoezwa hivyo atakifungua kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kwa jicho jipya. Humo tunamkuta Adili, mtu mwema anayesifiwa na wote, akiwachapa kwa mjeledi usiku manyani wawili. Twaona tendo kwanza, sababu twanyimwa. Baadaye tu ndipo tunapojua kwamba manyani hao ni ndugu zake, na kisa chao kinasimuliwa kwa kurudi nyuma. Huo ni ufundi uleule wa mlango unaofunguliwa na mtu anayeingia kwa mgongo. Kijana akiushika ufundi huo katika picha, atautambua katika kitabu; akiutambua katika kitabu, hataandika tena kurasa tatu za "akaenda, akamkuta".

Niongeze neno moja kuhusu vibanda vya video vya mitaani, ambako wengi wa vijana wetu huziona picha za kigeni zikiwa zimetiwa maneno ya Kiswahili juu yake na watafsiri wetu hodari. Kazi yao ina ucheshi na ubunifu, na mimi siidharau. Lakini mtafsiri hapendi kimya. Pakitulia, hutia mzaha. Katika picha za kutisha kimya ni neno kamili, na anayelifunika amebadili maana. Hilo nalo ni swali zuri la darasani: picha moja, mara moja na mtafsiri, mara moja bila yeye, ni kitu gani kimeongezeka na ni kipi kimepotea?

MACHO MEKUNDU

Sasa nifike pale ambapo jambo hili linaacha kuwa la mitihani. Sinema ile ya mwaka 1931 inaelekea ukingoni kwa wanakijiji kukusanyika usiku na mienge, wakimsaka kiumbe yule na mbwa, mpaka wanamfungia ndani ya kinu cha upepo na kukitia moto. Tunapotazama mara ya kwanza, twashangilia pamoja nao. Tunapotazama mara ya pili, baada ya yale tuliyokwisha kuzungumza, mkono hauinuki tena kwa wepesi.

Sisi katika nchi hii hatuna haki ya kuiona mienge hiyo kuwa ngano ya Wazungu. Kwa miaka mingi, hususan katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, akina mama wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na katika "ushahidi" uliotajwa dhidi yao ulikuwamo wekundu wa macho. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni, wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, walioupuliza miaka arobaini na hamsini wakiwapikia watoto na wajukuu wao. Ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi nao wameuawa na kukatwa viungo kwa hadithi zilizosimuliwa juu ya miili yao.

Waliofanya hayo waliogopa kweli, au waliogopeshwa na wenye faida yao. Hawakuwahi kujiuliza maswali ya yule kijana wa kidato cha tatu: ni nani aliyeniambia kwamba huyu ni zimwi? Alinionyesha nini, na alinificha nini? Yeye mwenyewe, anayeitwa zimwi, amepewa nafasi ya kusema? Sidai kwamba kipindi kimoja cha sinema kingewaokoa bibi zetu. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kuyauliza maswali hayo juu ya hadithi anayo mazoea ya kuyauliza mbele ya umati, na mazoea hayo hayaji yenyewe. Hufundishwa, kama kusoma na kuhesabu.

KWA WAZAZI

Wapo wazazi wenye hofu ya haki, na sipendi kuwapuuza. Mtoto mdogo asionyeshwe picha hizi kabisa. Hajaweza kutenganisha kioo na dunia, na usingizi wake ni mali. Hata kwa vijana, mwalimu achague kipande kifupi, akitazame mwenyewe kwanza, awaambie mapema watakachokiona, na amruhusu asiyetaka atoke bila kuchekwa. Ionyeshwe mchana. Katika nyumba ambayo karibuni imepatwa na msiba, ngojeni. Na kama imani ya familia inakataza mambo ya mizuka, zungumzeni na mwalimu kwa heshima. Hadithi ya mzee kipofu na mgeni wake inaweza kusomwa kitabuni bila picha yoyote.

Lakini tusijidanganye kwamba tukizuia darasani tumezuia. Vijana wetu wanazitazama picha kali zaidi ya hizi, usiku, chini ya shuka, katika simu, peke yao. Hapo huogopeshwa na hakuna awaulizaye neno. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi naongeza kwamba na wewe ukilijua zimwi, yaani ukijua limetengenezwaje, halikuli hata kidogo.

Basi ukimkuta mwanao anatazama, usikimbilie kuzima. Vuta kiti. Tazama naye mpaka mwisho, kisha mwulize maswali manne: Uliogopa wapi? Kabla ya hapo tulionyeshwa nini? Tulisikia nini? Ni kitu gani hatukuonyeshwa? Huhitaji shahada kuyauliza, na wala huhitaji kujua majawabu.

Yule mfanyakazi mwenzetu aliniaga usiku ule bila ya kusema amekubali. Nilipokutana naye juma lililofuata, kituoni, tukingoja basi, aliniambia kwamba ametazama na kijana wake ile sehemu ya ziwa. Nikamwuliza ameionaje. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Yule aliyemwumba alikuwa wapi wakati wote huo?"

Nikamwambia kwamba hilo ndilo swali ambalo Mary Shelley alitaka tuulize. Naye ni baba wa watoto watano. Sikuona haja ya kumweleza zaidi.

Tuonane Jumapili ijayo, majaliwa.